Namba Sita za Siri: Jinsi ya Kulinda na Kurudisha Akaunti Iliyotekwa

Siku hizi vikundi vingi vya kandokando ya Ziwa Victoria vinafanya kazi zao kwa simu. Kwaya inapanga mazoezi kwa WhatsApp. Kikundi cha kuweka na kukopa kinatangaza marejesho kwa WhatsApp. Wachuuzi wa dagaa wanaulizana bei kati ya Mwanza na Ukerewe bila kupanda meli. Ni msaada mkubwa. Lakini pale watu wanapokusanyika na fedha zao, mwizi naye hufika.

Somo hili linahusu wizi wa akaunti: mtu anaingia katika WhatsApp, Facebook au Instagram yako, anakufungia nje, kisha anaomba fedha kwa jina lako. Mnaweza kulisoma peke yenu au katika kikundi, kwa mikutano miwili. Katika mkutano wa kwanza someni hadithi na maelezo yake. Katika mkutano wa pili kila mwenye simu janja aje nayo, mfanye zoezi lililo mwishoni.

Hadithi ya kuanzia

Hadithi hii ni ya mfano, imetungwa kwa ajili ya majadiliano. Mtu mmoja aisome kwa sauti.

Kikundi cha wanawake ishirini wanakausha na kuuza dagaa karibu na soko la Mwaloni, Kirumba. Kila mwezi wanasubiri giza, kwa maana dagaa huvuliwa kwa taa wakati mbalamwezi haipo. Giza linapokaribia, kila mama anatafuta mtaji wa kununulia mzigo.

Jioni moja mwenyekiti anapokea ujumbe kutoka WhatsApp ya katibu: "Shikamoo Mama Mwenyekiti. Samahani, kuna namba sita nimezituma kwenye simu yako kwa makosa. Naomba unirudishie haraka." Mwenyekiti anatazama, na kweli kuna ujumbe mfupi wenye namba sita. Anaunakili na kuutuma. Baada ya dakika chache WhatsApp yake inajifunga. Anadhani bando limeisha, anaiweka simu chini na kuendelea kufunga magunia.

Kesho yake asubuhi, wanakikundi wanasoma ujumbe wenye jina na picha ya mwenyekiti: "Wapendwa, giza linaanza. Nimepata mzigo wa Ukerewe kwa bei nafuu. Kila mmoja atume 50,000 kabla ya saa sita kwenye namba hii, maana laini yangu ina tatizo." Mpaka saa nne akina mama saba wameshatuma. Hiyo ni shilingi 350,000.

Wa nane alikuwa binti mdogo kuliko wote. Alipotaka kutuma, simu ilimwonyesha jina la mwanamume asiyemjua. Akasita, akampigia mwenyekiti simu ya kawaida.

"Shikamoo Mama."

"Marahaba mwanangu. Habari za asubuhi?"

"Nzuri Mama. Hii hela ya mzigo naona jina la mwanamume. Huyu ni nani?"

"Hela gani, mwanangu? Mzigo upi?"

Hapo ndipo kikundi kilipojua. Mchana huo wengine walianza kusema mwenyekiti amekula fedha. Wengine walitaka kikundi kivunjwe na kila mtu apewe hisa zake. Katibu alikuwa akilia, kwa sababu akaunti yake ilikuwa imetekwa siku moja kabla, naye hakumwambia mtu yeyote.

Nini kilitokea hasa?

Ili kujikinga ni lazima tuelewe mtego unavyofanya kazi.

Akaunti ya WhatsApp imefungwa kwenye namba ya simu. Mtu yeyote anaweza kuweka WhatsApp katika simu yake na kuandika namba yako. WhatsApp haijui kama ni wewe, kwa hiyo inatuma namba sita kwenye laini yako. Anayeziandika namba hizo ndiye anayehesabiwa kuwa mwenye akaunti. Namba sita ni ufunguo wa nyumba. Zinatumika mara moja tu na kwa muda mfupi, ndiyo maana mwizi husema "haraka".

Katibu hakutuma chochote kwa makosa. Aliyekuwa akiandika ni mwizi, akitumia akaunti ya katibu. Wakati huohuo alikuwa anajaribu kuingia katika akaunti ya mwenyekiti, na WhatsApp yenyewe ndiyo iliyotuma namba sita. Ujumbe huo huonya kwamba usimpe mtu namba hizo, lakini unaweza kuja kwa Kiingereza, nasi tumezoea kuruka tusichokielewa.

Je, mwizi alisoma mazungumzo yote ya zamani ya mwenyekiti? Kwa njia hii, kwa kawaida hapana. Ujumbe wa zamani umehifadhiwa katika simu ya mwenye akaunti. Lakini mwizi anaona makundi aliyomo, majina ya wanachama, na kila ujumbe unaoingia tangu alipoingia. Hayo yanamtosha kujua ni nani wa kumwomba na kwa maneno gani.

Tazameni pia kwamba mwizi hakuiba kwa mitambo mikubwa. Aliiba kwa kutumia uaminifu. Tapeli wa zamani alitumwa na watu wasiojulikana: "Ile hela tuma kwenye namba hii." Watu wengi wameshaujua ujumbe huo. Huyu wa sasa anakuja na picha ya dada yako.

Si wajinga tu wanaonaswa

Mara nyingi tunasikia: "Mimi siwezi kudanganywa." Tufikiri tena. Mwezi Mei 2025 akaunti rasmi ya Jeshi la Polisi Tanzania katika mtandao wa X ilitekwa na kutumiwa kusambaza picha chafu na habari za uongo. Tarehe 15 Julai 2020 akaunti za watu mashuhuri wa Marekani, akiwemo Rais mstaafu Barack Obama, zilitekwa katika mtandao huohuo, uliokuwa ukiitwa Twitter. Wezi waliwapigia simu wafanyakazi wa kampuni, wakawahadaa mpaka wakapata njia ya kuingia ndani, kisha wakaomba umma utume fedha za kidijitali. Mmoja wa waliohukumiwa alikuwa kijana wa miaka 17 wakati wa tukio.

Kama wenye mitambo mikubwa wanahadaika kwa simu moja, mama aliyechoka kutoka mwaloni naye anaweza. Kwa hiyo tusimcheke aliyenaswa.

Njia nyingine za wezi

1. Kiungo cha uongo. Unatumiwa anwani ya kubonyeza: umeshinda zawadi, kuna mkopo wa wanawake, kuna nafasi za kazi, au mpigie kura mtoto wangu. Ukibonyeza unafika kwenye ukurasa unaofanana na Facebook. Ukiandika neno lako la siri, limekwenda kwa mwizi.

2. Kuunganisha kifaa. WhatsApp inaruhusu akaunti yako ifunguke pia katika kompyuta au simu nyingine. Mtu akishika simu yako dakika moja, au akikuhadaa uandike namba anazokupa, anaunganisha kifaa chake. Hapa hufungiwi nje. Yeye anasoma kimyakimya pamoja nawe.

3. Kuelekeza simu. Mtu anajifanya mhudumu na kukuambia ubonyeze namba zenye nyota na alama ya reli, kwa mfano zinazoanza na nyota mbili na 21. Ukifanya hivyo, simu zako zinakwenda kwake. Kisha anaomba WhatsApp imsomee namba sita kwa simu badala ya kutuma ujumbe.

4. Kuchukua laini. Mwizi anapata laini mpya yenye namba yako. Dalili yake ni kwamba simu yako inapoteza mtandao ghafla wakati simu za wenzako zinapata.

5. Alama ya vidole ya pili. Tangu usajili wa laini kwa alama za vidole, wapo mawakala wasio waaminifu wanaosema "mashine imekataa, weka kidole tena". Mara ya pili wanasajili laini nyingine kwa jina lako, na laini hiyo inaweza kutumika kutapeli wengine.

6. Fundi aliyekufungulia akaunti. Wengi wetu tulifunguliwa barua pepe na kijana wa dukani siku tuliponunua simu. Anuani ni yake, neno la siri analijua yeye. Anaweza kuwa mwaminifu kabisa, lakini ufunguo wa nyumba yako uko kwa mtu mwingine.

Kama akaunti ya WhatsApp imetekwa

Fanyeni haraka, kwa utaratibu huu:

Kwanza, toa taarifa. Piga simu ya kawaida kwa viongozi wa makundi yako, mume au mke, na ndugu wa karibu. Waambie wasitume fedha, na viongozi waiondoe namba yako katika makundi kwa muda. Usione aibu. Kila dakika ya kunyamaza mtu mwingine anaweza kutuma fedha.

Pili, hakikisha laini yako iko katika simu yako na ina mtandao. Kama haina, tumia simu nyingine kupiga huduma kwa wateja namba 100 wa mtandao wako, waifunge. Kisha nenda duka la mtandao huo na kitambulisho chako cha Taifa.

Tatu, fungua WhatsApp tena, andika namba yako, subiri namba sita kwa ujumbe mfupi, uziandike. Mara tu unapofanikiwa, mwizi anatolewa nje. Akaunti moja haiwezi kuwa na simu kuu mbili zenye wenye tofauti.

Nne, kama inakuomba namba nyingine ya siri ambayo hukuiweka, ujue mwizi ameiweka yeye. Usikate tamaa. Kwa kuandika zile namba sita umeshamtoa nje. Itabidi usubiri siku 7 ndipo uweze kuingia bila namba yake ya siri.

Tano, kama inakuambia usubiri saa kadhaa kwa sababu namba zimeombwa mara nyingi, subiri. Kubonyeza mara kwa mara kunaweza kuongeza muda wa kungoja.

Sita, ukiingia, fungua mipangilio na utazame vifaa vilivyounganishwa. Usichokitambua, kitoe. Kisha bonyeza ##002# na kupiga, ili kufuta maelekezo yoyote ya kupeleka simu zako kwingine.

Saba, weka namba yako ya siri ya hatua ya pili kabla ya kulala. Maelezo yako hapa chini.

Kama ni Facebook au Instagram

Anza na barua pepe. Kama mwizi ameshika barua pepe yako, atairudia akaunti kila ukiirudisha. Badilisha neno la siri la barua pepe kwanza.

Kisha tumia simu uliyozoea kuingilia, maana kampuni huitambua kwa urahisi zaidi. Kwa Facebook andika facebook.com/hacked, kwa Instagram andika instagram.com/hacked. Jibu maswali kwa utulivu. Angalia pia barua pepe yako: anuani au namba ya simu ya akaunti inapobadilishwa, kampuni hukutumia taarifa, na mara nyingi ndani yake kuna njia ya kukataa badiliko hilo. Hakikisha imetoka kwa kampuni yenyewe. Ukiingia, futa namba za simu na barua pepe usizozitambua, na ufunge vifaa vyote vingine.

Angalizo muhimu: mara tu unapotangaza kwamba umeibiwa akaunti, watajitokeza watu wa kusema "namjua mtaalamu, atairudisha kwa 30,000". Huo ni mtego wa pili. Njia za kurudisha akaunti hazilipiwi.

Kinga kabla ya ugonjwa

Namba ya hatua ya pili. Katika WhatsApp fungua mipangilio, kisha akaunti, kisha uthibitishaji wa hatua mbili. Chagua namba sita unazozikumbuka, ambazo si mwaka wa kuzaliwa wala namba ya siri ya fedha. Ongeza barua pepe yako. Baada ya hapo hata mtu akipata namba sita za ujumbe mfupi, bado atakuta mlango wa pili. Facebook, Instagram na barua pepe nazo zina mlango wa aina hiyo.

Maneno ya siri tofauti. Usitumie neno moja kila mahali. Kama kukumbuka ni kugumu, andika kwenye daftari linalokaa nyumbani mahali pa siri. Daftari ndani ya sanduku ni salama kuliko jina la mtoto lililotumika katika akaunti tano.

Barua pepe iwe yako. Kama fundi ndiye aliyeifungua, kaa na mwanao au kijana unayemwamini, ubadilishe neno la siri na namba ya simu iliyomo.

Kagua laini zako. Bonyeza *106# uone namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Usiyoitambua, nenda kwa mtandao husika ikafutwe.

Usibebe kitambulisho cha kikundi mtandaoni. Orodha ya wanachama yenye namba za NIDA, picha za vitambulisho na namba za simu isiwekwe kwenye kundi la WhatsApp. Akaunti moja ikitekwa, orodha yote inaweza kwenda.

Kanuni za kikundi

Mtu mmoja hawezi kujilinda peke yake kama wenzake hawana utaratibu. Tunapendekeza kila kikundi kiandike kanuni hizi katika daftari la kumbukumbu na wanachama wote wazikubali:

- Fedha haihami kwa sababu ya ujumbe peke yake. Kabla ya kutuma, mwanachama anapiga simu ya kawaida kwa namba anayoijua tangu zamani.
- Fedha za kikundi zinakwenda kwenye namba moja tu iliyokubaliwa kwenye mkutano. Kuibadilisha kunafanyika kwenye mkutano, ana kwa ana.
- Kila anayetuma asome jina linaloonekana kabla ya kuandika namba ya siri. Jina lisipofanana, asimame.
- Hakuna kiongozi anayeruhusiwa kumwomba mwanachama namba za siri za aina yoyote.
- Mwanachama ambaye WhatsApp yake imejifunga bila sababu anatoa taarifa siku hiyohiyo.
- Kundi la WhatsApp liwe na wasimamizi wawili au watatu, ili mmoja akitekwa mwingine aweze kumwondoa.

Ujumbe wa sauti nao usitosheleze. Siku hizi kompyuta inaweza kuiga sauti ya mtu kutokana na rekodi fupi. Piga simu, muulize jambo mnalolijua ninyi wawili.

Kutoa taarifa na kudai haki

Aliyetuma fedha apige 100 mara moja, aeleze muamala. Fedha ikiwa haijatolewa, mtandao unaweza kuizuia. Ikishatolewa kwa wakala, ni vigumu kuipata. Namba ya tapeli iripotiwe kwa ujumbe mfupi kwenda 15040, namba iliyowekwa kwa ajili ya kuripoti utapeli wa simu. Kisha nendeni kituo cha polisi mkaandikishe na mchukue namba ya RB. Bebeni picha za skrini, namba iliyopokea fedha, jina lililoonekana, saa, na ujumbe wa uthibitisho wa muamala. Msifute chochote.

Sheria ipo. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inakataza kuingia katika mfumo wa mtu bila idhini, kutapeli kwa njia ya kompyuta, na kujifanya mtu mwingine mtandaoni. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inawataka wanaokusanya taarifa za watu wazitunze.

Rudini kwenye hadithi

Akina mama wa Mwaloni walipoteza shilingi 350,000. Lakini hasara kubwa zaidi ilikuwa karibu kutokea: kuvunjika kwa kikundi kilichowachukua miaka kukijenga. Mwizi hakumwibia mwenyekiti fedha. Alimwibia jina, na jina likichafuka ni kazi kulisafisha.

Kama katibu angesema mapema, mwenyekiti asingenaswa. Kwa nini hakusema? Aliogopa kuchekwa. Kwa hiyo kikundi kinachowacheka waliotapeliwa kinamsaidia mwizi bila kujua. Na yule binti aliyeuliza "Huyu ni nani?" hakumkosea heshima mama yake. Aliokoa fedha za akina mama wengine kumi na wawili waliokuwa bado hawajatuma.

Maswali ya kujadili

1. Je, kuna mtu katika kikundi chetu ambaye amewahi kuombwa namba sita? Alifanya nini?
2. Kama ungekuwa mwanachama uliyetuma 50,000, ungemwambia nini mwenyekiti? Nani abebe hasara?
3. Kwa nini wadogo wanaogopa kumhoji kiongozi kuhusu fedha? Tufanye nini ili kuuliza kuonekane ni jambo jema?
4. Kati ya kanuni sita zilizotajwa, ipi itakuwa ngumu kwetu, na kwa nini?

Zoezi la mkutano wa pili

Kaeni wawiliwawili, anayejua zaidi na anayejua kidogo. Anayejua asishike simu ya mwenzake. Aelekeze kwa maneno tu, na mwenye simu abonyeze mwenyewe. Kila mmoja aweke namba ya hatua ya pili bila kuionyesha, akague vifaa vilivyounganishwa, na abonyeze *106#. Mwishoni katibu aandike waliokamilisha na wale wa kusaidiwa kwa siku nyingine. Wasio na simu janja nao washiriki: wao ndio watakaopigiwa simu ya kawaida wakati wa shida, nao wazijue kanuni zote.

Kabla ya kuachana, semeni pamoja jambo moja la kukumbuka: namba sita zikiingia kwenye simu yangu, ni zangu peke yangu, hata anayeziomba awe mama yangu mzazi.